Kitambaa Juu ya Kompyuta

"Kiwandani mlikuwa mnafunika mashine zikiwa zimezimwa, mama mkubwa! Zimezimwa! Zamu imeisha, watu wameenda kwao, mota imepoa. Hii yangu ilikuwa inafanya kazi!"

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama katikati ya sebule yetu pale Kihonda, sijavua hata viatu, begi la kompyuta bado liko begani, na mkononi nimeshika kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya bluu pembeni. Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kwanza shikamoo," akasema.

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sasa endelea kunifokea."

Nikashindwa kuendelea. Nilikuwa nimetembea na maneno yale tangu mjini, nimeyapanga vizuri, na yeye akayakata kwa salamu tu. Nikakaa kwenye ukingo wa kochi. Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana, joto lile la Oktoba ambalo bati linalia lenyewe juu ya kichwa. Jumamosi ilikuwa arobaini ya jirani yetu. Nilikuwa na siku moja na nusu, na filamu niliyomwahidi mjane wake sikuwa nayo.

Mama mkubwa ni dada yake mama. Nilihamia kwake nilipomaliza kidato cha nne, na yeye wakati huo alikuwa ameshakaa nyumbani miaka kadhaa. Alifanya kazi kiwanda cha nguo tangu akiwa msichana mpaka kilipouzwa kwa watu binafsi, wakapunguzwa wote kwa pamoja, kila mmoja na barua yake. Kiwanda kilimwachia mazoea. Anaamka alfajiri hata kama hana pa kwenda. Na hawezi kuona mashine imeachwa wazi akanyamaza. Kule kiwandani kwao, anasema, kuacha mashine bila kuifunika ni kama kumwacha mtoto mchanga uani. Kwa hiyo nyumbani kwetu kila kitu kina kitambaa chake: redio, TV, friji, hata cherehani iliyoharibika.

Nilipoleta kompyuta yangu, ile ya kukunja, iliyotumika Ulaya ikapitia Dubai mpaka ikanifikia mimi, alinifumia kitambaa chake wiki ile ile. Nilifurahi. Niseme ukweli, nilijisikia mtu mkubwa. Wenzangu niliomaliza nao shule walikuwa bado wanatafuta nafasi za ukarani, na mimi nilikuwa napiga picha za video za harusi kwa kamera ya studio moja ya mjini, halafu nazitengeneza mwenyewe nyumbani.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kila nilipoiwasha ile kazi ndefu ya kupika picha ziwe filamu moja nikatoka, mama mkubwa alikuwa anakuja, anaona vumbi la barabarani linavyoingia dirishani, anaifunika. Anaifunika vizuri, pande zote, mpaka matundu ya pembeni inapopumulia. Baada ya saa moja au mbili mashine inazidiwa na joto, inajizima. Yeye akisikia imenyamaza anajua imemaliza kazi. Anaondoa kitambaa, anakikunja, anakirudisha juu ya TV. Mimi nikirudi nakuta kioo cheusi na kitambaa kimekunjwa mahali pake, kama hakuna kilichotokea.

Mara tatu. Mara tatu nililaumu umeme, maana betri yake ilishakufa.

* * *

Marehemu alikuwa fundi wa zamu kwenye kiwanda kile kile cha mama mkubwa, na nyumba yake iko ya nne kutoka kwetu. Alikuwa mtu mkimya. Si mkimya wa hasira, mkimya tu. Ukimwamkia anakuitikia, anatabasamu, basi. Mwezi wa nane alimwoza binti yake, na kazi ya video nikapewa mimi.

Siku ile chini ya turubai, mshereheshaji alimpa kipaza sauti akitegemea maneno mawili matatu ya baba wa bibi harusi. Mzee akasimama. Akazungumza dakika kumi na moja. Watu walikuwa wanatazamana. Mwanzoni alimwambia binti yake habari za kuvumiliana, yale yale ambayo kila baba anasema, halafu akageuka akaanza kumzungumzia mkewe, mbele ya watu wote, maneno ambayo hakuna aliyetegemea kuyasikia kwake. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikaogopa sauti itaharibika kwenye kamera.

Mkewe hakuwepo. Chakula kilikuwa kimeanza kupungua na sufuria ya pili ya pilau ilikuwa inaungulia chini, akawa amekimbilia uani kuiokoa. Alisikia vigelegele, akauliza kuna nini, akaambiwa mzee anakusifia huko. Akacheka, akasema, "Nani? Huyu wangu?" Aliporudi turubaini, mzee ameshakaa.

Baada ya wiki tatu mzee aliugua siku mbili, akafa.

Msibani kila mtu alimhadithia mjane yale maneno, na kila mtu alihadithia ya kwake. Mmoja anasema alisema hivi, mwingine anasema hapana, alisema vile. Siku moja alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, si wewe ulipiga picha? Si yapo yote?"

"Yapo, mama."

"Basi nitengenezee sidii. Binti yangu akija arobaini tusikilize wote kabla hajarudi kwa mumewe Dodoma. Mimi wala sitaki kingine. Nataka kumsikia mwenyewe, si kuhadithiwa."

Nikamwambia usijali.

Sasa hapa ndipo pananikaba. Tepu ya harusi ile haikuwepo tena. Pale studio tepu moja tunaitumia hata mara nne; ukishazihamishia picha kwenye kompyuta, tepu inarudi kazini. Ndivyo tunavyofanya wote. Wiki moja baada ya harusi, mzee akiwa mzima kabisa, nilikwenda Dumila kurekodi mahafali na tepu ile ile. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilirekodi watoto wa shule wakiimba ngonjera juu ya sauti ya mzee. Kwa hiyo dakika zile kumi na moja zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta inayozimika ovyo. Na hakuna mtu niliyemwambia.

* * *

Aliyenionyesha tatizo ni fundi mmoja mjini, karibu na soko. Asubuhi ya ile Alhamisi nilimpelekea kompyuta baada ya kuzimika mara ya tatu, na safari hii ilipowaka ilikuwa inatoa mlio ndani, tik, tik, kama saa ya ukutani.

Akafungua skrubu za chini. Akavuta kafeni kadogo, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Akaanza kucheka.

"Dada, hii unailaza kwenye godoro?"

"Naiweka mezani."

"Meza ya pamba?"

Akanionyesha. Kwenye matundu yote yale ya kutolea joto palikuwa pameziba kwa nyuzi nyeupe, zimeshikamana na vumbi mpaka zimekuwa kama kipande cha blanketi. Na katikati ya weupe ule, nyuzi mbili tatu za bluu.

Nilizijua. Zile bluu nilizijua mara moja.

Akasafisha kwa brashi ya kupakia rangi, pole pole, huku ameizuia feni kwa kidole isizunguke. Akapaka dawa nyeupe ile inayopitisha joto. Alipokuwa anafunga akanipa masharti kama daktari. Niinyanyue kidogo ipate hewa kwa chini. Nisifungue programu nyingine wakati inapika picha. Nisiiache peke yake. Na nikisikia feni inalia kama lori linalopanda mlima, nisimamishe kazi mwenyewe kabla haijajizima.

"Unajua inavyojizima ni kama mtu anayezirai akiwa anaandika," akasema. "Anaanguka na kalamu. Diski yako imeshaanguka mara tatu. Sikutishi, lakini sikuahidi mara ya tano."

"Na ya nne je?"

"Ya nne usijaribu."

"Nikiweka barafu chini yake? Zile za mifuko."

Akaniangalia muda mrefu. "Dada, ukitaka kuiua kwa maji mbona mto uko karibu."

Nikarudi na begi nimelikumbatia kifuani. Nilipofika mtaani kwetu nikataka kupita haraka, lakini mjane alikuwa dirishani. Yuko eda, hatoki, kwa hiyo dirisha lile ndiyo barabara yake.

"Mwanangu! Imefika wapi?"

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Iko tayari, mama. Imebaki kuchoma sidii tu."

"Mungu akubariki," akasema. "Jana nimemwota, lakini hakusema kitu. Kawaida yake."

Ndiyo maana niliingia nyumbani namfokea mama mkubwa. Nilikuwa nimesema uongo kwa mjane hatua mia moja nyuma, na nilihitaji mtu aliyekosea kuliko mimi.

* * *

Baada ya salamu ile, mama mkubwa alichukua kitambaa mkononi mwangu, akakigeuza geuza. Nikamweleza nyuzi alizozitoa fundi. Nikamwonyesha hata kipande chenyewe, nilikuwa nimekifunga kwenye karatasi kama ushahidi.

Akakipokea kwa vidole viwili, akakinusa. "Hizi nyuzi," akasema, mara ya kwanza ameinua kichwa. "Kule kiwandani tulikuwa tunaziondoa kila zamu. Zikiingia kwenye mota zinaiunguza. Nilikuwa nawafundisha wasichana wapya." Akakirudisha kwenye karatasi. "Nami nimekuja kuzipeleka mwenyewe ndani ya yako."

Hakuomba samahani, watu wazima wa kwetu hawaombi samahani kwa maneno. Alikwenda jikoni akarudi na kipepeo, kile cha ukindu anachopepelea jiko la mkaa, akakikung'uta majivu nje ya mlango mpaka kikatakata, akavuta kigoda. "Iwashe," akasema. "Leo nakaa nayo."

Nikaiweka mezani juu ya matofali mawili, katikati nafasi, dirisha wazi. Nikafunga kila kitu kingine. Nikabonyeza kupika.

Kwa asiyejua: ukishamaliza kukata na kuunga picha za harusi, programu inapaswa kuzipika zote upya ziwe filamu moja, na kazi hiyo inaitafuna mashine vibaya sana kuliko kazi nyingine yoyote. Picha moja moja, maelfu kwa maelfu. Filamu yangu ilikuwa ya saa tatu. Pale chini kuna mstari unaojaa pole pole na namba ya asilimia. Nimeshawahi kuutazama mstari ule mpaka nikaota unarudi nyuma.

Asilimia tano. Tisa. Mama mkubwa anapepea. Kumi na nne. Nilikuwa naweka kiganja juu ya vitufe kila baada ya muda mfupi, kama unavyompima mtoto homa. Kumi na nane, kumi na nane, kumi na nane. Ikakaa pale.

"Mbona imesimama?" mama mkubwa akauliza.

"Haijasimama. Imefika kwenye madoido."

"Madoido gani?"

Nikamwonyesha. Bibi harusi anashuka kwenye gari, na pembeni mioyo myekundu inapaa, inazunguka, inapasuka inakuwa maua, maua yanakuwa majina ya maharusi. Nilitumia siku nne kuipanga ile sehemu. Hakuna studio ya mjini iliyokuwa na mioyo ya kupasuka.

Feni ikaanza kulia. Kwanza kama nyuki, halafu kama lile lori la fundi. Kiganja changu kikashindwa kukaa. Asilimia kumi na tisa. Nilitamani iendelee tu, kidogo tu, labda itapita, nikakumbuka mtu anayezirai na kalamu mkononi. Nikabonyeza kusimamisha.

Ilikuwa mara ya kwanza kuisimamisha mwenyewe. Nilijisikia kama nimetupa kitu kisimani.

Mama mkubwa alikuwa bado anapepea, jasho linamtiririka, yeye aliyekuwa anaipoza mashine ndiye aliyekuwa anaungua. "Hii mioyo," akasema, "ameiomba nani?"

"Hakuna aliyeiomba. Ni ya kupendezesha."

"Mjane kaiomba?"

"Hapana."

"Na mzee yuko wapi kwenye hiyo filamu?"

"Yuko mbele. Saa ya pili na dakika arobaini hivi."

Akaacha kupepea. "Kwa hiyo mashine inakufa kwa mioyo kabla haijamfikia mzee."

Nilitazama pale kwenye kioo, moyo mmoja ulikuwa umeganda katikati ya kupasuka, umekaa juu ya uso wa bibi harusi kama doa la nyanya.

"Sisi tukiwa na kitambaa kinachotakiwa haraka," akaendelea, "hatukufuma jora zima. Tulifuma mita zinazotakiwa, tunakata, zinakwenda. Jora lililobaki linasubiri zamu yake."

"Lakini mama mkubwa, filamu bila mwanzo, bila majina, bila muziki, watu watasema sijui kazi."

"Watu gani? Atakayetazama ni mmoja na mtoto wake."

Hapo nikaanza kulia. Sikulia kwa sababu ya mioyo. Nikamwambia habari ya tepu. Nikamwambia Dumila, mahafali, ngonjera, yote. Nikamwambia nimempita mjane dirishani nikamwambia iko tayari.

Nje kulikuwa na mtu anauza fenesi, anapita anaita, mpaka sauti ikaisha mtaani.

"Tepu ulifuta mzee akiwa hai," mama mkubwa akasema hatimaye. "Hilo ni la kazi, linasameheka. Hili la dirishani umelisema leo. Hili si la kazi."

"Nitamwambia ikishatoka sidii."

"Na isipotoka?"

Akasimama, akaweka kipepeo juu ya meza. Akafungua mlango wa nyuma. Kutoka pale unaiona milima ya Uluguru yote, na jioni ile ilikuwa imejivutia wingu mpaka shingoni. "Saa hii joto limejaa ukutani, kwenye meza, mpaka kwenye hayo matofali," akasema. "Iache ipoe. Zamu iliyokuwa inatoa kitambaa kizuri ilikuwa ya asubuhi. Alfajiri upepo unashuka mlimani, unaingia hapa varandani mpaka unaomba shuka. Mota zilikuwa zinapiga kazi kama zinaimba. Mchana uzi unakatika, watu wanagombana. Kama sisi leo."

Nikafuta machozi kwa kitu kilichokuwa karibu. Kilikuwa kile kitambaa cha kufuma. Tukakitazama wote wawili, akacheka kwanza yeye.

Kabla ya magharibi nilifanya kazi ya kukata. Sikuipika picha yoyote, nilitoa tu. Nilimtafuta mzee nikamkata peke yake, tangu anaposhika kipaza sauti mpaka anapokaa, nikamweka kwenye faili lake. Nilitoa mioyo. Nilitoa maua. Nilikuwa nimemwekea hata nyota ndogo ndogo juu ya kichwa, nikazitoa zote moja moja, akabaki mzee na shati lake na turubai nyuma. Dakika kumi na moja. Wakati wa kukata niliyasikia maneno yake tena, sauti ndogo. Sitayaandika hapa kabla mjane mwenyewe hajayasikia. Ameshahadithiwa vya kutosha.

Halafu nikaizima kompyuta, nikaiacha wazi, bila kitambaa. Mama mkubwa alipita mara mbili akaitazama, mikono nyuma, hakuigusa. Niliona inavyomuuma.

Nikapanga hivi. Kesho niamke kabla ya adhana, niihamishie meza varanda ya nyuma, matofali mawili, hakuna programu nyingine, mama mkubwa upande mmoja na kipepeo, mimi upande mwingine na kiganja. Nimpike mzee peke yake, nimchome sidii mbili, moja ya mjane na moja ya binti yake. Harusi nzima na mioyo yake itasubiri mwezi wa sita, baridi ikija.

Lakini hata hiyo haitakuwa kazi ya kwanza. Kabla sijaiwasha, iwe itatoka au haitatoka, nitakwenda nyumba ya nne, nigonge lile dirisha, niseme shikamoo, na nimwambie mjane kwamba jana nilimdanganya, kwamba tepu haipo, na kwamba maneno ya mumewe yamebaki mahali pamoja tu, na naenda kuyatoa sasa hivi.